Sweta la Msumarini

Muhula wa pili, hapa Mtongwe, hufunguliwa na mabati.
Mvua ikishuka somo hukatika katikati ya sentensi:
nabaki na chaki mkononi, mdomo wazi kama changu sokoni,
na watoto thelathini na mmoja wananitazama,
wakingoja mbingu imalize yake nami nimalizie yangu.
Ndipo tukabuni hesabu za vidole.
Nanyanyua saba, nanyanyua sita,
nao wanaandika jibu kimya kimya.
Bwanaidi, asiyenyamaza hata usingizini,
siku hiyo alipata zote.

Shule yetu ni ndogo.
Kengele ni rimu ya lori.
Ukipiga chafya gredi ya kwanza,
gredi ya sita watakuitikia: Afya!

Na baridi yetu, nakiri, si ya kumwandikia mtu barua.
Lakini kusi likishavuka kivuko bila nauli
likaingia kwa dirisha lisilo kioo,
utawaona wamejikunyata wawili wawili,
mikono wameificha matumboni,
mikono ya mashati inaning'inia mitupu.

Gathoni alitujia wiki ya pili, kutoka Ol Kalou,
babake kapata kazi bandarini.
Aliingia na sweta la kijani alilofumiwa na nyanyake,
zito, likilowa labebwa na wawili.
Akatutazama tunavyotetemeka
akauliza, kwa adabu zake zote:
"Mwalimu, hawa wanaumwa?"

Tulicheka hadi mvua ikaona haya.

Kufika saa nne jasho lamtiririka yeye.
Akalivua, akalitundika msumarini nyuma ya mlango,
na jioni hakulichukua,
wala kesho yake.

Wa kwanza kuliazima alikuwa Mbeyu, mwenye kifua.
Likarudi linanuka mafuta ya karafuu.
Kisha Tsuma, golikipa wetu, mwembamba kama ufito,
alilivaa ili goli lionekane limejaa.
Tulifungwa sita.
Kisha Mama Dhahabu akafunikia sufuria la uji
siku ya mkutano wa wazazi,
mkutano ulioitwa kwa ajili ya mifereji ya paa
ukageuka kesi ya viti vya shule
vilivyokwenda harusini visirudi.
Tulichanga shilingi elfu nne na mia tatu,
na kuku.
Mifereji bado.
Kuku yupo, anataga kabatini, juu ya mitihani ya mwaka jana.

Siku ya kupanda mikoko lilibeba miche,
mikono yake imefungwa fundo shingoni mwa Mishi.
Tuliingia topeni hadi magotini, walimu kwa wanafunzi,
kiatu changu kimoja kiko huko mpaka leo, labda kimeota.
Sweta lilifuliwa mara tatu kwa sabuni ya kipande.
Ukijani ulikubali kurudi, lakini si wote.

Wiki ya kufunga, mamake Gathoni akaja kulidai.
Nilimpa nikitazama pembeni.
Mkono mmoja umerefuka kuupita mwenzake,
kifungo cha pili ni cha shati la mtu,
na kwenye kola kuna uzi mwekundu
alioshonea sijui nani, sijui lini.
Aliligeuza. Akalinusa.
Nikasikia moyo wangu ukisoma orodha:
karafuu, uji, tope, jasho la kipa.
"Muhula wa tatu kuna joto huku, sivyo?"
"Jua la utosi," nikasema.
"Basi lipumzike," akasema,
akalirudisha msumarini mwenyewe.

Asubuhi ya mwisho niliita majina.
Nilipofika mwisho, kwa mzaha tu, nikaita: "Sweta?"
Bwanaidi akawahi, kwa sauti ya kuvunja mabati:
"Yupo, Mwalimu!"

Wiki nzima nilikuwa nimewafundisha ngeli.
Sikumsahihisha.